Kabla hujabuku hoteli Zanzibar, angalia mwezi wa angani kwanza

Mwaka juzi mwezi wa saba niliwapeleka mama na wanangu wawili Jambiani, pwani ya mashariki ya Zanzibar. Tumetoka Dodoma kwa basi, tukalala Dar, kesho yake boti, mpaka tunafika hotelini ni usiku na watoto wamelala begani. Asubuhi wameamka mapema wameshavaa nguo za kuogelea, tukanywa chai, tukashuka ufukweni kama saa nne hivi, na bahari hakuna. Yani hakuna kabisa. Mchanga, vidimbwi, ngalawa zimelala ubavu, maji yenyewe unayaona mbali kule kwenye mwamba kama mstari mweupe. Mdogo alilia. Mama alikuwa hajawahi kukanyaga maji ya chumvi maisha yake yote, akatandika kanga akakaa, akaniuliza "ndo hapa?" na mi sikuwa na la kumjibu maana hela ya hiyo safari nilikuwa nimeidunduliza mwaka mzima.

Aliyetuokoa ni bibi mmoja aliyekuwa anapita na kiroba cha mwani kichwani. Akasema leo bamvua, yani siku za maji kutoka sana na kujaa sana, rejeeni saa kumi maji yatakuwa hapa. Na kweli saa kumi jioni yale maji ya bluu ya kwenye picha yalikuwa yamefika mpaka kwenye ngazi za hoteli.

Sasa ndo maana naandika hii, kwa sababu watu wengi wa bara tunapanga safari kwa kuangalia ofa na picha, hakuna anayeangalia maji. Pwani ya mashariki yote, kuanzia Matemwe, Pwani Mchangani, Kiwengwa mpaka Bwejuu, Paje na Jambiani, ufuo ni tambarare na mwamba uko mbali, kwa hiyo maji yakipwa, yani yakitoka, yanaenda mbali kweli. Yanapwa mara mbili na kujaa mara mbili kwa siku, na kila siku saa inasogea mbele kama dakika 50. Bamvua ni pale mwezi unapoandama na pale unapokuwa mpevu, hapo maji yanatoka sana na kujaa sana, na kwa Zanzibar siku hizo yanapwa mida ya saa nne asubuhi halafu yanajaa mida ya saa kumi jioni. Maji mafu ni katikati ya hapo, mwezi ukiwa nusu, kupwa na kujaa havitofautiani sana na asubuhi unaweza kuogelea vizuri tu. Huhitaji hata programu ya simu, chukua kalenda yenye tarehe za Kiislamu: siku chache kuanzia tarehe mosi na tena kuanzia tarehe 14 au 15 ni bamvua, tarehe 8 au 9 na tarehe 22 au 23 ni maji mafu. Ukiwa na watoto wanaotaka kuogelea asubuhi, panga safari iangukie maji mafu.

Kama tarehe zako haziwezi kubadilika, likizo ya kazini ndo hiyo hiyo, basi badilisha upande. Nungwi na Kendwa kule kaskazini maji hayakimbii namna hiyo, Kendwa hasa unaogelea karibu muda wote. Isitoshe likizo ya shule ya katikati ya mwaka inaangukia kwenye kusi, upepo unatoka kusini mashariki na unapiga moja kwa moja pwani ya mashariki, Nungwi na Kendwa wanakuwa wamekingwa kiasi. Mwezi wa 12 mpaka wa pili ni kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, joto kali na bei za sikukuu zinapanda, ukitaka kipindi hicho buku mapema sana. Masika, mwezi wa nne na wa tano, hoteli nyingine zinafunga kabisa, usidanganyike na bei.

Ila jamani msiiogope bamvua. Siku yetu ya pili tulivaa viatu vya raba (lazima, kuna wale wanyama wa miiba mieusi mirefu) tukatembea na kijana wa pale mpaka karibu na mwamba, tukaona akina mama kwenye mashamba ya mwani, maana kazi yao kubwa ni siku hizo za bamvua mashamba yakiwa wazi, na wengine wanachokoa pweza. Mama yangu ni mkulima, alisimama na wale wenzie karibu saa nzima wanaongea habari za bei na mvua, mpaka leo hiyo ndo hadithi anayowasimulia majirani, sio kuogelea. Lakini nendeni na mwenyeji, kwa sababu maji yakianza kurudi yanajaza kwanza mikondo iliyo nyuma yako, unakuja kushtuka kati yako na ufuo kuna maji ya kiunoni.

Mjini wekeni usiku mmoja au mbili, mwisho wa safari na sio mwanzo, mkiwa mmeshapumzika. Mji Mkongwe unatembea kwa miguu, jioni kwenye bustani ya Forodhani mnakula urojo na mishkaki na kuangalia vijana wanavyoruka baharini. Vaeni nguo za heshima mkiwa mjini na vijijini, mabega na magoti yafunikwe, na ikiwa Ramadhani msile barabarani mchana, sehemu nyingi za chakula zitakuwa zimefungwa mpaka magharibi.

Kuhusu boti, kutoka Dar ni kama masaa mawili. Beba kitambulisho, na wakati wa kusi panda ya asubuhi, kula kidogo tu, kaeni ghorofa ya chini upande wa nyuma ambako haichezi sana. Watoto wape dawa ya kichefuchefu kabla ya kupanda, sio mkishafika katikati ya mkondo, wangu nilichelewa na mkubwa alitapika mpaka tunafunga gati bandari ya Malindi pale mjini Zanzibar.