Chuo Dar au hapa hapa Mtwara? Piga kwanza hesabu ya korosho

Matokeo ya kidato cha sita yakishatoka, simu yangu haitulii. Wadogo zangu wa Masasi, Newala, mpaka Nachingwea, wote swali moja: "Dada, nijaze chuo gani?" Nami huwauliza nyumbani kwao wana mikorosho mingapi. Wanacheka, wanadhani natania.

Sitanii. Vyuo vikuu hufunguliwa Oktoba au Novemba. Minada ya korosho nayo huanza Oktoba, na mzee akishapeleka mzigo AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, inabidi asubiri mnada, halafu asubiri hela iingie benki. Yaani ada inadaiwa wakati korosho bado ziko ghalani. Kwa hiyo kabla hujauliza ada ni shilingi ngapi, uliza inalipwa kwa awamu ngapi na ya kwanza ni kiasi gani. Chuo cha ada ya juu kidogo kinachokubali kupokea polepole kinaweza kukufaa kuliko cha bei nafuu kinachotaka zote kwa mkupuo.

Kwetu Wamakonde jambo kama hili haliamuliwi bila mjomba. Wangu alikuja na daftari, akagawa ukurasa wa Dar na ukurasa wa Mtwara, akaniambia nitaje. Nikaanza na ada. Akanikatisha: "Andika godoro kwanza." Godoro, ndoo, kodi ya chumba ambayo mwenye nyumba anaitaka ya miezi kadhaa kwa mpigo, daladala za kila siku, nauli ya basi kutoka Dar, zaidi ya kilomita 500, kila likizo na kila msiba. Ukurasa wa Dar ulijaa tukageuza. Wa Mtwara ulibaki na nafasi. Nilikuwa nataka ualimu, na ualimu upo Stella Maris, chuo cha hapa hapa Mtwara. Nikaenda huko, shoga zangu wakaniita mwanafunzi wa kutwa. Sawa tu, mchele ulikuwa unatoka nyumbani.

Usiniambie Bodi ya Mikopo itakubeba. Huenda ikakubeba, lakini majina hutoka kwa awamu, wengine hupata pungufu ya walichoomba, na bumu, hela ya kujikimu, likichelewa tumbo halichelewi. Tena ni deni: ukiajiriwa unakatwa asilimia 15 ya mshahara.

Simwambii kila mtu abaki Kusini. Anayetaka udaktari au uhandisi afungashe, aende Muhimbili, Mlimani au Dodoma, na ukoo uchange. Chagua kozi kwanza, chuo kifuate. Kinachoniudhi ni mtu kukimbilia kozi asiyoijua Dar, ilhali uhasibu au ununuzi na ugavi anaoutaka upo TIA, Taasisi ya Uhasibu, tawi la Mtwara, na uuguzi upo Ndanda.

Halafu kuna fildi, mafunzo kwa vitendo kazini, ambayo wengi hawaifikirii mpaka mwaka wa pili. Dar wanafunzi ni wengi mno, barua za maombi zinalundikana mapokezi. Huku kuna bandari, kuna hospitali ya Ligula, kuna kiwanda cha saruji cha Dangote, kuna kituo cha utafiti Naliendele, na wanaobisha hodi si wengi kiasi hicho. Ukifika chuoni kuulizia, mpite ofisa udahili, kaa kantini na wa mwaka wa tatu. Waulize fildi walifanyia wapi na nani aliwatafutia. Hapo utaambiwa yasiyoandikwa kwenye vipeperushi.

Mwongozo wa udahili wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, usome mwenyewe, au wa NACTVET, baraza la elimu ya ufundi, kama unakwenda stashahada, uone kozi yako imo kwa jina la chuo hicho hicho. Kwa shahada, kufaulu masomo mawili yenye jumla ya pointi 4 ni kiwango cha chini tu. Kozi nyingine zinataka zaidi, au zinataka somo fulani.

Na kwenye fomu weka namba yako ya simu, laini yako mwenyewe. Ukichaguliwa vyuo viwili, unathibitisha kimoja kwa namba ya siri inayotumwa kwa ujumbe. Mdogo wangu mmoja aliweka namba ya jirani mwenye smartphone, jirani akaenda shamba kusikokuwa na mtandao. Tulimfuata kwa bodaboda mpaka kwenye mikorosho yake.