Jibu: Tiketi ya Herbie Hancock, nilipe au niache?
Ndugu, umeuliza kama inafaa kulipia onyesho la Herbie Hancock, mpiga piano wa jazi wa Marekani, wakati jazi huijui vizuri. Lipa, nenda!

Mimi nilimwona London. Alianza na piano, akahamia kinanda cha umeme, akaimba kupitia vokoda (kifaa kinachofanya sauti ya mwimbaji isikike kama ya kinanda), na mwishoni akavaa kile kinanda cha begani kama gitaa, akasogea mbele kabisa kujibizana na mpiga besi. Nilikuwa karibu: mpiga drams habandui macho kwenye mikono ya mzee, na mzee akiinua kidole tu mdundo unageuka. Nilisisimka mwili mzima.

Halafu Waswahili tuna letu hapo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Hancock na wanabendi wake walichukua majina ya Kiswahili: yeye Mwandishi, mpiga tarumbeta Eddie Henderson Mganga, mpiga drams Billy Hart Jabali. Nikilikumbuka hilo najisikia fahari hadi leo.

Kabla hujaenda, sikiliza albamu yake ya 1973, Head Hunters, ina mdundo wa kuchezeka. Wimbo mmoja unaweza kufika robo saa, kwa hiyo usisubiri kiitikio. Ukiweza, chukua kiti cha upande wa kushoto, uone vidole vyake kwenye piano.