Ukaribisho au uonevu?

Mama, umeeleza kwamba kijana wako anayesoma katika jimbo la Pennsylvania, Marekani, amejiunga na chama cha udugu chuoni (“fraternity”, yaani chama cha wanafunzi wa kiume), kwamba siku hizi simu yake hushikwa na wakubwa wa chama hadi alfajiri, na kwamba ukimuuliza hujibu tu kuwa “ni siri yetu”.

Kwa maoni yangu, hayo yanatosha kukutia wasiwasi. Sisi tuliosoma bweni tunamkumbuka njuka aliyefulishwa nguo za kaka wakubwa, tukacheka. Lakini kipimo si kicheko, bali ni kama mgeni anaweza kukataa bila kuadhibiwa wala kutengwa, na kama wakubwa wenyewe wangefanya jambo hilo mbele ya mhadhiri. Kunyimwa usingizi, kutumwa usiku wa manane na, zaidi ya yote, kulazimishwa kunywa pombe ni uonevu, hata akisema amekubali, kwa kuwa sheria ya jimbo hilo haitambui ridhaa kuwa utetezi. Sheria hiyo iliimarishwa mwaka 2018, baada ya mwanafunzi wa miaka 19 kufariki Februari 2017: alinyweshwa pombe nyingi, akaanguka ngazini, na wenzake wakakaa takriban saa 12 kabla ya kuita msaada.

Usianze kwa kumgombeza, maana atafunga mdomo. Muulize alikula nini jana na alilala saa ngapi, umwombe ahifadhi ujumbe wote anaotumiwa, na umhakikishie kwamba mwenzake akizimia kwa pombe apige 911, namba ya dharura ya huko, papo hapo, kwani sheria inamlinda anayeita msaada kwa nia njema.