Eksirei safi, goti bado limevimba

Mwanangu ana miaka 4. Akiamka huchechemea, goti limejaa. Jua likipanda utamkuta akikimbizana na wenziwe. Eksirei imetoka safi, sasa mama mkwe asema mtoto adeka. Mama, Langoni, Lamu.

Hadeki, mama. Kiungo kinachokakamaa asubuhi kikalegea kadiri mtoto anavyotembea, hiyo ni tabia ya baridi yabisi, na watoto huipata pia. Ikianza kabla ya miaka 16, uvimbe ukadumu wiki 6 au zaidi na sababu nyingine isionekane, madaktari huiita baridi yabisi ya utotoni. Eksirei nayo haikudanganya. Yenyewe huona mfupa, ilhali ugonjwa huu huanzia kwenye utando laini wa ndani ya kiungo. Tena goti la miaka 4 bado lina gegedu jingi, ile sehemu laini ya ncha za mifupa, na gegedu halionekani kwenye eksirei. Tukingoja mfupa uonekane umelika, tumeshachelewa. Omba ultrasaundi ya magoti yote mawili, yalinganishwe. Mkandaji mpe likizo kwanza. Ila akipata homa na kukataa kukanyaga chini, mkimbize hospitali siku hiyo hiyo: huenda kiungo kimeingia usaha.

Ultrasaundi si ya waja wazito? Baba, Malindi.

Mashine yaweza kuwa ile ile, kinachobadilishwa ni kifaa cha kupitisha juu ya ngozi. Haina mionzi wala sindano. Mtoto hupakatwa, akapakwa jeli ya baridi, basi. Maji yaliyojaa kwenye kiungo huonekana meusi, utando ulionenepa hujulikana, na damu inayokimbilia hapo huonyeshwa kwa rangi. Hapo kwenye rangi ndipo penye mtego. Gegedu linalokua lina mishipa yake ya damu, ya kawaida kabisa, na asiyezoea watoto huiona akadhani ni ugonjwa. Muulize mpimaji kama amezoea viungo vya watoto. Si utovu wa adabu.

Mjukuu wangu anaumwa goti, daktari ataka apigwe MRI ya taya Mombasa. Taya limeingiaje? Bibi, Malindi.

Shikamoo bibi. Baridi yabisi ya utotoni haiishii gotini; taya nalo huweza kuvimba ndani kimyakimya. Mtoto anakula vizuri huku kidevu kinakua upande. Ultrasaundi haifiki vizuri pale, MRI hufika. Hupiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku, haina mionzi. Shida ni kutulia: nusu saa au zaidi, na mashine yagonga kama mafundi wanaokalafati jahazi. Wadogo mara nyingi hupewa dawa ya usingizi, kwa hiyo uliza mapema mtoto afunge kula tangu saa ngapi, usije ukapanda basi alfajiri naye ameshiba mahamri. Bangili na hirizi ya chuma mvue, ukae nazo wewe.

Goti limepoa. Tuache dawa? Mama, Shela, Lamu.

Msiache wenyewe. Goti lililopoa kwa macho laweza kuonekana bado linawaka kwenye ultrasaundi, na uamuzi ni wa daktari aliyelishika kwa mikono na kusoma picha. Mpeleke pia kwa daktari wa macho, hata kama haoni shida yoyote. Baridi yabisi ya utotoni huweza kuingia jichoni bila wekundu wala maumivu, na hakuna picha ya goti itakayouonyesha.