Giligilani kutoa maua mapema na mrehani kubaki vijiti

Dada, umeuliza kwa nini giligilani yako hapo Dar es Salaam inatoa maua kabla hujavuna hata mara mbili, na mrehani wa mlangoni umebaki vijiti. Pole, mkono wako hauna kosa.

Giligilani haipendi joto. Ikiungua jua na kukauka udongo, hukimbilia kutoa mbegu. Isitoshe, ulisema uliotesha kwenye kopo kisha ukahamisha. Mizizi yake haitaki kusumbuliwa. Panda papo hapo itakapokulia. Zile punje za dukani zisugue taratibu zipasuke vipande viwili, maana kila punje ina mbegu mbili, kisha loweka usiku kucha. Chagua mahali penye jua la asubuhi na kivuli cha mchana. Panda kidogo kila baada ya wiki mbili au tatu, nawe hutakosa majani ya kachumbari. Mimi huanza Juni, joto likipungua.

Mrehani ni kinyume chake: jua lote ni lake. Kata ncha juu tu ya jozi ya majani, utachipua matawi mawili. Maua yakianza, yachume, utie kwenye kikuba, kile kishada cha maua ya kunukia, pamoja na asumini. Ukiyaacha yakomae, majani hupungua na shina huwa gumu. Huo mkongwe usiung'oe kwanza: chukua kijiti kibichi, weka kwenye glasi ya maji, kitatoa mizizi.

Nanaa ipe chungu chake peke yake. La sivyo itameza bustani nzima.