Manga za Kijapani chenyewe: nazipataje nikiwa Arusha?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni binti wa miaka 22, naishi Arusha, na huu ni mwaka wangu wa pili wa kujifunza Kijapani. Hiragana na katakana (herufi za sauti) nazisoma bila shida, kanji (herufi za maana) ninazo kama mia tatu. Natamani kusoma manga, yaani vitabu vya hadithi za katuni, kwa Kijapani chenyewe, lakini kila nikitafuta naletewa za Kiingereza. Kuna duka la Japani nilijaribu kujisajili, fomu ikanidai namba ya posta ya tarakimu saba, nikakwama. Ninunue wapi? Halafu mama yangu mdogo huenda Dubai kufuata mzigo wa duka. Je, anaweza kuniletea?

JIBU: Marahaba, binti yangu. Nimefundisha Kijapani na kutafsiri nyaraka zake kwa miaka mingi, na swali lako naulizwa karibu kila muhula, kwa hiyo nitalijibu kwa kirefu. Kwanza nikuondoe wasiwasi: vitabu vipo, na kadi ya benki ya kwetu inavinunua. Wengi hukwama kwa sababu wameingia mlango uliotengenezewa watu wengine.

Mlango wa kwanza wa namna hiyo ni MANGA Plus, huduma ya kusoma manga mtandaoni. Watu huukimbilia kwa kuwa unaendeshwa na Shueisha, wachapishaji wa jarida la Shōnen Jump. Huduma hiyo ilianzishwa mwaka 2019 kwa ajili ya wasomaji walio nje ya Japani. Utakuta Kiingereza, Kihispania, Kifaransa na lugha nyingine kadhaa, Kijapani hakimo. Ya Kijapani, ya mchapishaji huyohuyo, inaitwa Shōnen Jump+ (少年ジャンプ+), nayo ipo tangu 2014. Programu yake huenda usiione kwenye simu, kwa sababu duka la programu hufuata nchi uliyojisajilia, lakini tovuti yake ifungue kwa kivinjari cha kawaida. Sura za mwanzo za hadithi nyingi zinasomwa bure. Anzia hapo leo, kabla hujatoa hata shilingi.

Ukiwa tayari kununua, mimi huwaelekeza wanafunzi wangu BookWalker, duka la vitabu vya kielektroniki la kampuni ya Kadokawa. Duka hili lina sura mbili, na hapa pia watu hupotea. Ukiona ukurasa umeandikwa Kiingereza, ujue uko upande wa tafsiri. Wewe unataka bookwalker.jp. Huko wanauza vitabu vya wachapishaji wakubwa wengi, si vya Kadokawa peke yake, na kadi za Visa na Mastercard kutoka nje zinapokelewa. Ukishanunua unasoma kwenye programu yao au palepale kwenye kivinjari. Amazon ya Japani nayo inauza manga za kusomea kwenye Kindle, kifaa chao cha vitabu vya kielektroniki, ila kifaa hicho hufungwa kwenye akaunti moja kwa wakati mmoja, kwa hiyo kama tayari unacho kwenye akaunti ya Marekani utakuwa mtu wa kutoka na kuingia kila siku. Kwa mwanafunzi naona ni usumbufu usio na sababu.

Kuhusu ile fomu ya tarakimu saba: hiyo ndiyo namba ya posta ya Japani, na duka linaloilazimisha linauza kwa wakazi wa Japani. Usibuni anwani. Ukibuni, siku kadi yako itakapohitaji kuhakikiwa utafungiwa akaunti pamoja na vitabu ulivyokwisha lipia. Ondoka, nenda duka jingine. Kitu kingine kitakachokushangaza kwenye fomu zao ni kutakiwa kuandika jina lako mara mbili, mara ya pili kwa katakana, kwenye kisanduku kilichoandikwa フリガナ. Wanataka matamshi tu. Neema anaandika ネエマ, Mwanaidi anaandika ムワナイディ, basi.

Sasa nikae kidogo kwenye jambo ambalo hukuniuliza, nalo ndilo litakaloamua kama utasoma kweli au utanunua na kuweka. Kwenye ukurasa wa kila kitabu kuna kitufe cha 試し読み, tameshiyomi, yaani kuonja kabla ya kununua. Kibonyeze. Michoro iache kwanza, tazama maandishi yaliyo ndani ya viputo vya maneno. Chukua neno 約束, ahadi. Katika manga za watoto na vijana, kulia mwa kanji hizo mbili utaona やくそく kwa herufi ndogo sana, zimeteremka kama safu ya sisimizi. Hizo ndizo furigana. Zikiwepo, unaandika yakusoku kwenye kamusi ya simu na maana umeipata, unaendelea na hadithi. Zisipokuwepo mambo hubadilika kabisa, kwa sababu ukurasa wa manga ya kielektroniki ni picha; maneno yake huwezi kuyanakili ukayabandika kwenye kamusi. Itakubidi uchore kila kanji kwa kidole. Kwa kanji mia tatu ulizonazo, utachora karibu kila kiputo, na ukifika ukurasa wa nne utakuwa umesahau nani alikuwa anaongea na nani. Nimewaona wanafunzi hodari wakiiacha lugha kwa uchovu huo, wakidhani hawana akili, kumbe walichagua kitabu kisichokuwa cha ngazi yao.

Kanuni yake ni nyepesi. Angalia hadithi ilitoka kwenye jarida gani. Majarida ya shōnen (少年, vijana wa kiume) kama Shōnen Jump, Shōnen Magazine na Shōnen Sunday, pamoja na ya shōjo (少女, wasichana) kama Ribon na Nakayoshi, huweka furigana karibu kila mahali. Majarida ya seinen (青年, watu wazima) huziweka kwa uchache, kwenye majina na maneno magumu. Umaarufu wa hadithi hausemi lolote kuhusu jambo hili. Hadithi uliyoipenda kwenye katuni za televisheni inaweza kuwa ya seinen, na itakushinda kwa sasa.

Ukinilazimisha nikuchagulie cha kuanzia, nitasema Doraemon ya Fujiko F. Fujio. Najua wengine huona ni ya watoto, na ni kweli, ilianza kwenye majarida ya Shogakukan ya watoto wa shule. Kwa mwanafunzi hiyo ndiyo faida. Hadithi zake ni fupi na kila moja inaanza na kuisha palepale, watu wanaongea mambo ya nyumbani na shuleni, furigana zipo. Unamaliza hadithi nzima kabla ya kulala. Kuna pia ブラックジャックによろしく (Burakku Jakku ni Yoroshiku) ya Satō Shūhō, juzuu 13 kuhusu daktari kijana hospitalini. Mwandishi mwenyewe aliiruhusu itumiwe bure mwaka 2012, kwa hiyo utaipata kihalali bila malipo. Lakini ni seinen, imejaa istilahi za tiba. Iweke akiba kwa miaka miwili.

Malipo hayana mengi. Uliza benki yako kama kadi imefunguliwa kwa manunuzi ya mtandaoni ya nje ya nchi. Nyingi hufungwa hadi uombe. Bei ni kwa yeni, na juzuu moja ya kawaida huwa kati ya 500 na 700. Nunua juzuu moja tu kwanza. Maduka haya mara nyingi hutoa juzuu ya kwanza bure kwa muda, tafuta neno 無料 (bure) kwenye ukurasa wa mbele.

Vitabu vya karatasi navipenda kuliko vya simu, sitakuficha. Kitabu kinachofunguka kutoka kulia, harufu ya ile karatasi yake nyepesi, uhuru wa kuandika maana kwa penseli pembeni, hayo simu haikupi. Ila gharama yake iko kwenye uzito. Juzuu moja ya ukubwa wa Jump ina gramu 150 hadi 200, na kifurushi kidogo cha Posta ya Japani kikomo chake ni kilo 2. Piga hesabu ya juzuu kumi au chini yake pamoja na bahasha. CDJapan huuza vitabu vipya na kurasa zake zina Kiingereza; Mandarake ya Nakano, Tokyo, ni mabingwa wa vilivyotumika. Wote wawili hutuma nje, lakini angalia orodha ya nchi na njia za usafirishaji kabla ya kulipa, kwa kuwa Posta ya Japani husitisha na kurejesha baadhi ya huduma kwa nchi mbalimbali.

Mimi mwenyewe niliwahi kuumia hapa. Niliona seti kamili, 全巻セット, juzuu 20 zilizotumika, yeni 110 kila moja. Yeni 2,200 kwa hadithi nzima! Nikalipa kwa furaha. Kuja kuambiwa nauli, ilikuwa zaidi ya mara nne ya bei ya vitabu. Nikalipa nayo. Kisha nikaandika anwani yangu kama tulivyozoea, S.L.P. na mji, bila namba ya simu. Kampuni ya usafirishaji haipeleki mzigo kwenye sanduku la posta. Boksi lilikaa ghalani, likarudi lilikotoka. Kwa hiyo wewe andika mtaa, jengo au alama inayojulikana, na simu inayoanza na +255. Ukitumia posta ya kawaida, S.L.P. inatosha, ila simu iweke vilevile.

Najua pia utakutana na tovuti za wizi zenye kila kitu bure. Ile iliyovuma zaidi, Mangamura, ilifungwa 2018 na mwendeshaji wake alihukumiwa kifungo cha miaka mitatu mwaka 2021. Mchoraji anayechora ukurasa usiku kucha anastahili yeni zake. Na kwako mwanafunzi kuna hasara ya ziada: kurasa zilizopigwa picha ovyo huzigeuza furigana kuwa vidoa vyeusi, huwezi kutofautisha ば (ba) na ぱ (pa).

Mama mdogo ndiye bahati yako kubwa. Ndani ya Dubai Mall kuna Kinokuniya, duka kubwa la vitabu lenye asili ya Japani, na lina sehemu ya vitabu vya Kijapani. Bei itakuwa juu ya ile iliyochapwa nyuma ya kitabu, maana bei ile ni ya Japani tu, lakini nauli utakuwa umeiokoa kwa kuwa kitabu kinakuja ndani ya mzigo wake. Tatizo ni kwamba rafu ya manga za Kiingereza nayo ipo, na jalada linaweza kufanana. Mwandikie kwenye karatasi jina la kitabu kwa Kijapani, jina la mwandishi, namba ya juzuu, na ISBN, ile namba ya utambulisho wa kitabu iliyochapwa nyuma. Vitabu vilivyochapwa Japani ISBN yake huanza na 978-4. Kabla hajalipa ageuze kitabu aangalie nyuma: kama baada ya 978 inafuata 0 au 1, hicho ni cha Kiingereza, akirudishe kwenye rafu.