Unapitwa mnadani kwa sababu unaonyesha njaa mapema

Mdogo wangu wa Nyamanoro, umeuliza kwa nini kila ukipandisha dau la lile jina la tovuti la .com la biashara yako ya dagaa, mtu anakupita mwishoni. Siku tatu kabla ya mnada kufungwa, unashindana na nani? Unawapandishia wenzako bei bure.

Mimi kwanza naandika kikomo changu nyuma ya risiti, nikijumlisha na ada ya kulipia jina kila mwaka. Halafu nakaa kimya. Zikibaki kama dakika kumi naweka kikomo chote mara moja. Mtambo wa mnada wenyewe unakupandishia dau kidogokidogo kadiri wapinzani wanavyopanda, hadi kikomo hicho. Kuvizia sekunde ya mwisho hakusaidii: minada mingi, ukiwemo wa GoDaddy, kampuni inayouza majina ya tovuti, huongeza dakika dau likiingia mwishoni. Mwaka jana nilivizia hivyo nikiwa Kirumba mwaloni, bando likakata, jina likaenda.

Chungulia pia kurasa za zamani za jina hilo kwenye Wayback Machine, hifadhi ya kurasa za zamani za mtandao; majina mengine yalikuwa ya kamari. Na kama wateja wako ni wa hapahapa Mwanza, ulizia jina la .co.tz, la Tanzania, kwa msajili wa majina ya tovuti. Likiwa halina mwenyewe unalilipia tu, hakuna mnada.